Lethi ya Kibulgaria imeingia mtandaoni

Karakana ninayofanyia kazi ipo Dar es Salaam, maeneo ya viwanda kandokando ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wakongwe bado wanaiita Barabara ya Pugu. Tunachonga spea. Shafti za pampu, bushi za shaba, sproketi za minyororo ya viwanda vya korosho na sabuni, na mara moja moja gia ya mashine ambayo walioitengeneza huko Ulaya walishafunga kiwanda zamani. Oda zetu ni za kipande kimoja, viwili, kumi. Ikija oda ya vipande mia, hiyo ni sikukuu. Mimi ni fundi wa matengenezo, umeme na mitambo kwa pamoja, na kazi ya kuziunganisha mashine na kompyuta iliniangukia kwa sababu moja tu: ni mimi peke yangu niliyekuwa na laptop kuukuu yenye poti ya siriali.

Ukisoma wanayoandika wenzetu kuhusu kiwanda cha kidijitali, hasa tangu Wajerumani walipolitangaza jina la Industrie 4.0 kwenye maonyesho ya Hannover mwaka 2011, utadhani kila karakana duniani ina mashine zilizonunuliwa juzi. Sisi tuna lethi ya Kibulgaria, mashine ya kukerezea vyuma, iliyonizidi umri. Mashine za Kibulgaria si ngeni hapa nchini. Hata kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kule Hai kilijengwa kwa msaada wao. Pembeni yake zipo lethi mbili za Kichina, milingi ya CNC ya mtumba, yaani ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, yenye kontrola ya Fanuc ya miaka ya 1990, na senta mpya ya kuchongea kutoka Taiwan ambayo bosi anaifunika turubai mvua ikianza kunyesha kama gari la maharusi. Ongeza msumeno wa kukatia vyuma, drili mbili na mashine ya kunoa. Hiyo ndiyo karakana yote.

Alikuja mchuuzi mmoja na mfumo wake. Vihisi, skrini kubwa ukutani, malipo kwa dola, kila mashine kila mwezi. Alionyesha chati za rangi kwenye tableti na bosi akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Alipoondoka bosi akaniita. "Fundi, hicho kitu kitaniambia nini ambacho siwezi kukiona nikisimama mlangoni?" Nikamwambia anipe nafasi nijaribu kwanza kwa vitu vya bei rahisi, tukiona kuna kitu ndiyo tuzungumze habari za dola.

Nilianza na ile milingi ya Fanuc, na wala si kwa ajili ya chati. Nilikuwa na hofu nayo. Kontrola za umri ule zinatunza parameta, fidia za tuli (zana za kukatia) na programu kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa hai na betri. Betri ikifa, mashine haikumbuki hata urefu wa mihimili yake. Karakana moja jirani ilifungwa kwa muda mrefu, siku wanarudi kazini milingi yao ikawaka ikiwa tupu kichwani, na hakuna aliyekuwa amewahi kunakili chochote. Betri yenyewe inabadilishwa mashine ikiwa imewashwa. Fundi umeme aliyezoea kuzima kila kitu kabla ya kugusa, ambayo kwa kawaida ni tabia njema kabisa, hapa ndiye anayefuta kumbukumbu kwa mkono wake. Jambo hilo limeandikwa kwenye kitabu cha mashine, ila kitabu kinakaa kabatini, na kabati lina kufuli.

Njia pekee ya kuzitoa parameta zile ilikuwa poti ya RS-232, kiwango cha Kimarekani cha mwaka 1960 ambacho bado kinafanya kazi kwenye karakana nyingi kuliko watu wanavyodhani. Nieleze waya wenyewe kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapokwama. Upande wa mashine plagi ina pini 25, upande wa laptop ina pini 9. Kwa mazoea mtu anakimbilia kuvusha, 2 iende 3 na 3 iende 2. Hapa sivyo. Plagi hizi mbili zimepangwa kinyume, kwa hiyo 2 inaenda 2, 3 inaenda 3, na waya wa athi unatoka 7 upande wa mashine kwenda 5 upande wa laptop. Halafu ndani ya plagi ya mashine unaunga 4 na 5, kisha 6, 8 na 20 kwa pamoja, ili kontrola iamini kuna mtu upande wa pili anayeitika. Usipofanya hivyo unapata alamu 086 na utaikodolea macho mpaka zamu iishe. Kwenye laptop weka biti 7, pariti ya shufwa, biti 2 za kufungia, kasi 4800. Na chaja ya laptop unaichomoa. Athi ya soketi ya ofisini na athi ya mashine hazilingani, na tofauti hiyo ikipata kijiwaya chembamba cha kupitia, inaunguza poti zote mbili kwa mpigo. Laptop iende kwa betri yake, basi.

Parameta zikaanza kushuka kwenye skrini mstari kwa mstari, ya kwanza ikiwa ni ile alama ya asilimia inayofungua kila faili. Mwendeshaji wa milingi alikuja kusimama nyuma yangu. "Unaichukua nini, dada?" Nikamwambia nainakili kichwa chake. Nilihifadhi kwenye laptop, kwenye kompyuta ya ofisi, na nikachapa kwenye karatasi pia, kwa sababu karatasi haina betri.

Kwenye mashine ile swichi ya kuchagua hali ya kazi ina sehemu imeandikwa TAPE, ingawa hakuna utepe wowote. Ni urithi wa mbali. Mashine ya kwanza ya kuongozwa kwa namba, milingi iliyoonyeshwa MIT huko Marekani mwaka 1952 kutokana na wazo la John Parsons, ilikuwa ikisoma utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Vijana wetu wa leo wakigeuza swichi kwenye TAPE ili kulisha programu kutoka kwenye kompyuta, wanapita njia ileile, utepe tu ndio umeondoka.

Waya ukishakuwepo, programu nazo zikapata makao. Zamani kila mwendeshaji alikuwa na daftari lake na flashi yake, na programu ya shafti fulani ilikuwa na matoleo mengi kuliko idadi ya shafti zenyewe. Tukafungua folda moja kwenye kompyuta ya ofisi, jina la faili ni namba ya mchoro na toleo lake, na mstari wa kwanza wa programu unataja vilevile. Ambayo haina hayo haiingii mashineni. Na hata ikiingia, mara ya kwanza inaendeshwa mstari mmoja mmoja, kidole kikiwa kwenye kitufe cha kusimamisha, kwa sababu kwenye kontrola ile ukiandika X50 bila nukta, mashine inaelewa sehemu hamsini za elfu moja za milimita, si milimita hamsini. Yaani inasogea unene wa unywele na kubaki pale, au ikiwa ni kinyume chake inakwenda pasipostahili kwa kasi yote. Kompyuta haijui kama umesahau nukta. Waya unapeleka makosa haraka kama unavyopeleka kazi nzuri.

Sasa lethi ya Kibulgaria. Hii haina kontrola, haina poti, haina taa ya rangi juu yake. Ina mota, gia, na Mzee anayeiendesha tangu kabla sijajiunga. Tulikuwa na kijana wa DIT aliyekuja kwetu fildi, mjuzi wa programu, na yeye akaja na suluhisho safi: kihisi kidogo cha ampea kinachobana waya mmoja wa mota bila kuukata, kikiunganishwa na kibodi cha ESP32, yaani bodi ndogo ya kompyuta, kinachorusha vipimo kwenye mtandao wa ndani. Vyote kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Baada ya muda akatuita tutazame. Skrini ilisema lethi ya Kibulgaria ndiyo inayofanya kazi kuliko zote, karibu zamu nzima bila kupumzika.

Mzee alicheka mpaka akakaa. "Mwanangu, hiyo ni mota. Mota siizimi mimi. Ukitaka kujua kazi, tazama spindo."

Na ndivyo ilivyo. Lethi za aina hiyo zina klachi. Asubuhi unawasha mota, na siku nzima unaingiza na kutoa spindo, ule mhimili unaozungusha kipande, kwa mkono wa wenzo huku mota ikiendelea kunguruma. Anaweza kwenda kunywa chai, mota inanguruma. Anaweza kusubiri malighafi nusu ya asubuhi, mota inanguruma. Tena mota ya induksheni hata ikiwa haina mzigo inavuta ampea za kutosha kumdanganya mtu asiyejua. Kijana hakuudhika, na hilo lilinipendeza. Akafungua kifuniko cha gia za kubadilisha nyuma ya kichwa cha lethi, akafunga kihisi cha ukaribu kinachotazama kichwa cha bolti kwenye gia iliyo kwenye spindo, kikihesabu kila bolti inapopita. Sasa tukawa na hali tatu badala ya mbili: mota imezimwa, mota inazunguka lakini spindo imesimama, na spindo inazunguka. Ile ya katikati ndiyo iliyokuja kutufundisha karibu kila kitu.

Kutofautisha spindo inayokata chuma na spindo inayokata hewa tukarudi kwenye ampea, ila kiwango cha mpaka alikiweka Mzee. Alipita pasi nyepesi, akapaza sauti, "Hii ni ya kumalizia," kijana akaandika namba. Akapita nzito. "Hii ya kuparua." Wakaenda hivyo kwa shaba, kwa chuma cha pua, kwa chuma laini, wakati mimi nikishughulika na kitu kingine kabisa. Hakuna mfumo wa dola ambao ungefika na namba zile ndani ya boksi.

Kwenye milingi na senta ya Taiwan mambo yalikuwa mepesi. Zina mnara wa taa juu, kijani, njano na nyekundu, na kila taa ni volti 24 za moja kwa moja. Unachukua waya kutoka kwenye taa, unapitisha kwenye optokapla, kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga, ili volti za mashine zisikutane kamwe na volti 3.3 za kibodi chako, na umemaliza. Kama kuna mtu ananiuliza aanzie wapi, namwambia aanze na taa. Taa tayari ni muhtasari ambao mtengenezaji mwenyewe ameuandaa.

Lakini taa ya njano inasema tu kwamba mashine imesimama, haisemi kwa nini. Kwa hiyo tukaweka kisanduku cha vitufe kando ya kila mashine, vya kubonyeza mashine ikisimama: nasubiri chuma, nasubiri mchoro, nasubiri winchi, nasubiri mkaguzi, natengeneza tuli au napima, umeme. Mwanzoni kijana alitaka vitufe ishirini na kitu, kila sababu na chake. Mzee akamuuliza ni nani atasoma orodha ndefu hivyo na mikono ina mafuta. Vikabaki hivyo.

Kabla ya vitufe tulijaribu karatasi, na karatasi ilituletea kioja ambacho wageni wasingekiwaza. Kihisi kilikuwa kinaandika 10:15. Mwendeshaji alikuwa anaandika saa 4 na robo. Kijana akaingiza karatasi kwenye kompyuta kama zilivyo, na chati ikaonyesha watu wanasubiri malighafi alfajiri huku mashine zikikata chuma bila mtu mchana. Yeyote anayeleta mfumo kwetu na fomu ya kujaza saa, aanze kwa kukubaliana na watu ni saa ipi.

Hofu ilikuwepo, na sikuilaumu. Siku tuliyofunga kihisi kwenye lethi ya Kichina, mwendeshaji wake aliniuliza kama hiyo ni kamera ya bosi. Nikamwambia si kamera. "Lakini itamwambia." Ndiyo, itamwambia. Haikuchukua muda nikaona lethi moja ina kijani kingi mno, na nilipoisogelea nikakuta spindo inazunguka bila kitu, jamaa amesimama pembeni anafuta mikono taratibu. Alikuwa anailisha skrini kile alichodhani inataka. Sikumwambia bosi. Nilikwenda kwa bosi na kitu kingine: kama namba hizi zitaingia kwenye mishahara au onyo, tuzime leo, kwa sababu kuanzia kesho tutakuwa tunapima ujanja wa watu wala si mashine. Tulivutana. Yeye ndiye anayelipa umeme wa spindo zinazozunguka bure, na alikuwa na haki ya kuuliza. Mwishowe alikubali mambo mawili: namba hazitagusa mshahara wa mtu, na skrini itafungwa ndani ya karakana ikiwatazama mafundi, siyo ofisini kwake. Akitaka kuiona, atembee.

Hilo la pili lilibadilisha mambo kuliko la kwanza. Mafundi walianza kuisoma skrini wenyewe wakati wa chai na kubishana nayo. Kisha ikaja kesi ya shafti ya pampu iliyochelewa, mteja yuko getini anagomba, na msimamizi wa zamu akamrukia Mzee mbele ya watu. Mzee hakujibu, alinyoosha kidole tu kwenye skrini. Mota inazunguka, spindo imesimama, kitufe: nasubiri chuma. Asubuhi nzima. Msimamizi akageuka kwenda stoo. Tangu siku hiyo vitufe vinabonyezwa bila kukumbushwa.

Na hapo ndipo lilipopatikana jibu la swali la bosi. Akisimama mlangoni anaona mashine zinanguruma na watu wamesimama mbele yake, anaona kazi. Asichoweza kuona ni kwamba sehemu kubwa ya muda wa kusimama ilikuwa na vitufe viwili tu. Kimoja ni nasubiri mkaguzi, kwa sababu kipande cha kwanza cha kila oda lazima kipimwe na mtu mmoja ambaye pia ndiye anayepokea mizigo getini. Kingine ni nasubiri chuma. Chuma kilikuwepo stoo tele. Kilichokosekana ni kukatwa. Kila lethi, milingi na senta ya gharama kubwa kutoka Taiwan zilikuwa zinapanga foleni mbele ya msumeno mmoja, mashine ya bei ndogo kuliko zote humu ndani, wenye mkanda usiobadilishwa mpaka ukatike kabisa.

Sikuwa nimeweka kihisi kwenye msumeno. Hakuna aliyeufikiria. Tulipouwekea, tukaona unakaa bila kazi jioni na kuzidiwa asubuhi, kwa sababu oda zote zilikuwa zinatolewa asubuhi. Kwa hiyo dawa ya kwanza haikuwa hata mashine. Msimamizi alianza kutoa orodha ya kukata jioni, chuma cha kesho kikakatwa leo. Baadaye bosi akanunua msumeno wa pili wa mtumba. Fedha zilezile mchuuzi alizokuwa amezipigia hesabu. Na mkaguzi akatolewa getini.

Kijana alitaka tukokotoe OEE, kipimo cha ufanisi wa mashine kilichosambazwa na Mjapani Seiichi Nakajima pamoja na mfumo wake wa matengenezo wa TPM: unazidisha upatikanaji wa mashine kwa kasi yake kwa ubora wa vipande, na kila kitabu kinakuambia viwanda bora duniani vinafika asilimia 85. Kwa kiwanda kinachotoa chupa elfu kwa saa, sawa. Kwa sisi tunaochonga gia moja ambayo hatutaichonga tena, hiyo kasi ya kulinganishia tuitoe wapi? Tulijaribu, namba zikaruka kama vyura, tukaiacha. Dakika za kusubiri kwa kila sababu zinatutosha.

Ile senta ya Taiwan ilikuwa na somo lake, na lilikuwa la manunuzi. Siku hizi zipo lugha za pamoja za mashine. MTConnect ilionyeshwa Chicago kwenye maonyesho ya IMTS mwaka 2008, na ninaipenda kwa sababu imeundwa kwa ajili ya kusoma tu. Huwezi kuisogeza mashine kupitia humo hata ukitaka. Ipo OPC UA, ambayo Wajerumani waliijengea kamusi ya mashine za karakana na kuionyesha kwa jina la umati kwenye maonyesho ya EMO Hannover mwaka 2019. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu, lakini jina lao halina uhusiano na umati wetu. Kwenye makaratasi, mashine yetu inajua mambo hayo. Poti ya mtandao ipo, ukichomeka taa inawaka. Data haitoki. Kipengele kimefungwa kwa msimbo, na msimbo unauzwa, na wakala akatutumia bei iliyomfanya bosi avue miwani. Tungeuliza kabla ya kusaini, ingekuwa sehemu ya bei ya mashine na pengine tusingelipa kitu. Sasa kila nukuu ya bei inayoingia naibandikia maswali: poti ya mtandao imo, kipengele cha kutoa data kimefunguliwa, kitabu cha anwani za vipimo kinakuja na mashine, na nani anashikilia nywila. Kwa sasa senta inaendelea kusomwa kupitia taa zake tatu, sawa na ndugu zake wazee, na hatujapungukiwa sana.

Usalama niuseme kwa kifupi, maana watu hupenda kuuzungumzia sana na kuufanya kidogo. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisimamisha viwanda vya Renault, na mwezi uliofuata Honda wakafunga kiwanda chao cha Sayama huko Japani kwa siku nzima. Hao wana idara nzima za kompyuta. Sisi tuna flashi zinazotoka steshenari walikochapia CV ya mtoto, moja kwa moja mpaka kwenye tundu la kontrola. Tulichofanya ni kuwa na mtandao wa mashine peke yake, waya wake peke yake, usiopanda intaneti kabisa. Kompyuta moja katikati ndiyo inayogusa pande zote mbili, na flashi ya nje inaishia hapo. Mchuuzi anayetaka kuitazama mashine akiwa kwao, waya wake unachomekwa akipiga simu na kuchomolewa akikata.

Waya nimeutaja makusudi. Tulianza na Wi-Fi, na chini ya mabati, katikati ya mashine za kuchomelea na mota zinazowaka na kuzima, ilikuwa inakuja na kupotea inavyotaka. Umeme nao ukikatika na kurudi, vibodi vinaamka kwa sekunde chache lakini ruta inachukua muda wake, kwa hiyo vibodi vilikuwa vinarusha vipimo kwa asiyekuwepo. Kijana akavifundisha kuandika kwanza kwenye kadi ya kumbukumbu, kisha kutuma mtandao ukiamka, kila kipimo na saa yake kutoka kwenye kisaa kidogo chenye betri ya kitufe. Ni mambo madogo, bila hayo kila baada ya umeme kukatika tungekuwa na tundu kwenye chati, na matundu ndiyo watu wanayoyaelekezea kidole wanapotaka kukataa chati nzima.

Kijana amemaliza chuo, anafanya kazi kwingine, na programu zake aliniachia zikiwa na maelezo kwa Kiswahili ndani yake, sharti nililompa mapema. Mzee anakaribia kustaafu. Anayejifunza lethi ile kwake ni binti wa VETA, na nimewaona wakitumia namba za ampea kwa kitu ambacho sikukipanga: binti anaparua, anatazama namba, Mzee anasikiliza sauti, kisha wanabishana kama tuli imeanza kuwa butu. Mara nyingi sikio la Mzee linatangulia. Siku nyingine namba.

Sasa bosi anataka tuunganishe na mashine ya kunoa, ili skrini ikamilike. Nimemwambia sioni haja. Inatumika kidogo kwa siku, hakuna anayeisubiri, na ikiharibika fundi anakwenda kunoa kwa jirani. Fedha ya kihisi chake ninunulie betri mpya za Fanuc.